Tathmini ya Asubuhi

Nawaeleza kwanza wale ambao hawajawahi kushika chaki. Andalio la somo ni karatasi anayoandika mwalimu kabla ya kipindi: atafundisha nini, kwa dakika ngapi, kwa zana gani. Chini kabisa pana mistari miwili mitatu inayoitwa tathmini. Hiyo hujazwa baada ya kipindi. Wangapi wameelewa, wangapi wamebaki, na hao waliobaki utawafanya nini. Nasisitiza: baada ya kipindi.

Mimi, kwa miaka mitatu, katika shule moja ya msingi ng'ambo ya Nyololo, nilikuwa naijaza saa moja na dakika ishirini asubuhi. Nimevaa koti, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, ukungu haujatoka uwanjani na watoto wenyewe bado wanafagia. Naandika: "Wanafunzi 58 kati ya 64 wameelewa somo. Waliobaki watapewa mazoezi ya ziada." Napeleka kwa mwalimu mkuu, anapiga saini kwa kalamu nyekundu. Halafu ndiyo naenda kufundisha hilo somo ambalo watoto 58 wameshalielewa.

Sikuanza kazi hivyo. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa Mbeya, shule iliyo nyuma kidogo ya barabara kuu pale Iyunga, ambako lori likipanda unanyamaza mpaka lipite ndipo uendelee na sentensi yako. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo, mwenye mazoea ya kujifunga kanga juu ya sketi kama yuko nyumbani kwake. Alikuwa anaingia darasani bila taarifa, anakwenda kubanana na watoto dawati la nyuma, anaazima penseli kwa mtoto, anakaa kipindi kizima. Hasemi kitu. Saa ya chai anakuita, anakusogezea kikombe na kiazi kilichochemshwa, ndipo anauliza: "Yule wa dirishani, uliyempa mgongo muda wote, unajua aliandika nini kwenye daftari lake?"

Mwezi wangu wa pili pale niliandika kwenye tathmini kwamba wanafunzi wote wameelewa. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilidhani karatasi ile ni ya kujaza kabati. Kesho yake mama yule akaja darasani na andalio langu mkononi, akaita watoto watatu ubaoni, akawapa maswali. Wawili wakabaki wanatazama chaki. Akawaambia "asanteni, kaeni," akatoka. Ofisini hakunifokea.

"Mwanangu," alisema, "mimi hizi karatasi nazisoma. Ukiniandikia wameelewa, mimi nakaa nimetulia, sikutafutii msaada. Umeshindwa? Andika umeshindwa. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia."

Siku iliyofuata alikuja akafundisha mada ile yeye mwenyewe, mimi nikiwa nimebanana na watoto dawati la nyuma. Nilimchukia wiki nzima. Nilimwita askari, nilimwita mama mkwe, kila jina baya nililokuwa nalo. Lakini kuanzia hapo nikajikuta dakika tano za mwisho za kila kipindi nazunguka kati ya madawati, nainama, nachungulia madaftari, kwa sababu nilijua kuna mtu atakayesoma nilichoandika. Kwa miaka mitano niliyokaa naye, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na niliipenda.

Kisha nikaolewa. Mume wangu ni fundi kwenye kiwanda kidogo cha mbao Mafinga, nikaomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Serikali ilinisogeza karibu naye kwenye ramani. Kwenye maisha tukawa tunaonana Jumamosi. Nilipanga chumba Nyololo na kuripoti shule mpya.

Ningependa kuwaambia kwamba mwalimu mkuu wa pale alikuwa mtu mbaya. Ingenirahisishia mambo. Lakini hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakumtukana mtu. Alikuwa wa kwanza kufika shuleni na wa mwisho kuondoka, mrefu, na koti lake refu la kijivu ambalo sikumbuki kuliona limefunguliwa vifungo. Kosa lake lilianzia shule aliyotoka. Wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, walikwenda huko, wakakuta maandalio ya walimu wake yana tathmini tupu, na jambo hilo likasomwa mbele ya walimu wakuu wenzake kikaoni, yeye amesimamishwa. Alituhadithia mwenyewe kwenye kikao chake cha kwanza na sisi.

"Sitasimamishwa tena kama mwanafunzi," akasema. "Sitaki kuona sehemu tupu kwenye karatasi yoyote."

Basi akaweka utaratibu. Maandalio yote yanafika mezani kwake kabla ya saa moja na nusu, anayasaini, anayafungia kwenye kabati, unayachukua kesho yake. Nikanyoosha mkono.

"Mkuu, na tathmini tutajaza saa ngapi, kama karatasi ziko kabatini?"

"Jazeni kabisa asubuhi."

"Asubuhi tunakuwa bado hatujafundisha."

Akanitazama kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionikera. "Madam, wewe si mwalimu mzoefu? Watoto wako unawajua. Kadiria."

Walimu wenzangu waliinamia madaftari yao. Nami nikakadiria. Wiki ya kwanza nilijisikia vibaya, wiki ya pili nikapata kipimo changu: hisabati ya kipindi cha kwanza, andika 58, kipindi cha mchana watoto wamechoka, andika 55, ionekane ya kweli. Nilikuwa na ufundi wa kudanganya kwa kiasi. Mwisho wa mwaka nilikuwa naweza kujaza tathmini za wiki nzima Jumapili jioni huku nasonga ugali.

Nilichochelewa kukiona ni kilichonipata darasani. Zile dakika tano za mwisho, za kuzunguka na kuchungulia, zilipotea, na sikuona zilipoondoka. Nilikuwa nafuta ubao mapema. Kwa nini nimwangalie mtoto usoni kujua kama ameelewa, wakati jibu limeshasainiwa na liko kabatini? Sikuwa mvivu, naomba nieleweke. Nilikuwa nafanya kazi kuliko nilivyofanya Iyunga: maandalio sita kwa siku, kwa mwandiko safi, mistari kwa rula. Nilikuwa nachoka kweli. Ila uchovu wangu wote uliishia mezani kwa mkuu, darasani nilikuwa nafika nimebakiwa na chaki tu.

Na msifikiri mkuu hakuzunguka. Alizunguka kutwa. Alikuwa anapita nje ya madirisha na daftari lake, anasimama, anatazama ubao. Anaangalia tarehe. Anaangalia kichwa cha mada kama kinafanana na kilichoandikwa kwenye andalio. Anaweka alama ya vyema kwenye daftari lake, anaendelea na dirisha linalofuata. Watoto walikuwa wanageuza shingo kumtazama, yeye hakuwatazama hata mara moja.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe. Mwaka wangu wa tatu nilipewa hisabati darasa la saba. Darasa lile walipokuwa la sita walikaa muhula mzima bila mwalimu wa hisabati, na mada moja waliikosa kabisa: kugawanya sehemu. Niliwapima mwenyewe, hakuna aliyejua. Na mada hiyo haikosekani kwenye mtihani wa mwisho. Nikaomba kuiingiza mwezi wa saba, vipindi vitatu, mkuu akakubali na nikaandika kwenye azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka mzima.

Kwa mara ya kwanza tangu nihame nilipata hamu ya kazi. Nilimwomba mume wangu anikatie masalia ya mbao kiwandani kwao: vipande vizima, nusu, robo, thumuni. Alivikata kwa upendo, akavipiga msasa visiwachome watoto, nikavileta Nyololo kwenye kiroba. Nilitaka watoto wapange kwa mikono yao, waone robo ngapi zinaingia kwenye nusu, wazihesabu, kabla sijawaambia habari ya kugeuza sehemu juu chini. Kiroba nikakiweka kwenye kona ya darasa, kinanukia paini darasa zima.

Alikuwapo binti mmoja wa dawati la tatu karibu na mlango. Aliishi kwa bibi yake, ng'ambo ya msitu, mwendo wa saa nzima kwa mguu, na hakuwahi kukosa shule. Hata siku za mvua alifika, sketi imelowa mpaka kiunoni, akasimama karibu na mlango ajikaushe. Hakuwa hodari sana wa hesabu, alikuwa mtu wa kuuliza. Akakisogelea kile kiroba.

"Madam, hivi vipande ni vya nini?"

"Vya kesho," nikamwambia. "Kesho mtavichezea."

Kesho yake saa mbili, maandalio yangu yameshasainiwa na tathmini ndani yake, mkuu akatangaza mstarini kwamba kuna wageni wanakuja kuona msingi wa vyoo vipya na mchanga haujafika. Darasa la saba ndio wenye nguvu. Wakachukua ndoo wakaenda mtoni. Walibeba mchanga siku hiyo, siku ya pili, na siku ya tatu. Kila asubuhi mkuu alitaka maandalio kama kawaida, kwa sababu siku ya kazi ni siku ya kazi na kabati halijui habari za mchanga, nami kila asubuhi niliandika. Kugawanya sehemu, kipindi cha kwanza, 58 wameelewa. Cha pili, 57. Cha tatu, 60, kwa maana mada inapokwisha idadi hupanda kidogo, ndivyo inavyopendeza. Siku ya pili na ya tatu niliandika huku nawaona dirishani wakipita na ndoo vichwani. Mkono wangu wenyewe, hakuna aliyenishika.

Wageni walikaa nusu saa wakaondoka. Jumatatu nikapeleka andalio jipya: kugawanya sehemu, kipindi cha kwanza. Saa mbili kasoro mkuu akaniita.

"Madam, hii mada si imeshapita?"

"Haijapita, mkuu. Watoto walikuwa kwenye mchanga."

Akafungua kabati, akatoa maandalio matatu, akayapanga mezani. "Hii ni saini yangu?"

"Ni yako."

"Na huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Sitini wameelewa. Wewe ndiye umeandika. Sasa mthibiti akija akakuta mada iliyoeleweka na watoto sitini inarudiwa upya, ataniuliza nini? Nimwambie nasaini uongo?" Hakuwa anatisha. Alikuwa anaogopa. "Nenda na desimali. Azimio linasema desimali."

Akachora mstari mwekundu juu ya andalio langu kutoka kona hadi kona. Nikatoka nimefura. Nikaenda kufundisha desimali, na binti yule akanyoosha mkono akauliza kama ile kesho ya vipande bado. Nikamwambia akae chini tuendelee.

Hasira ile haikupoa. Jioni moja nikasema liwalo na liwe, nikaandika kwenye tathmini: "Somo halikueleweka kwa sababu mwalimu ana hasira." Nikapeleka asubuhi, nikasimama mezani nikisubiri. Mkuu akapitisha jicho, akaona mistari imejaa, akapiga saini. Pembeni akaandika: "Vizuri. Endelea."

Sikuamini. Kesho yake nikaandika: "Wanafunzi wote wamesinzia, na mwalimu pia." Vizuri, endelea. Iliyofuata: "Leo tumejifunza kubeba mchanga, wanafunzi 64 kati ya 64 wameelewa." Saini, na vyema kubwa. Nikawa nawaonyesha walimu wenzangu tukiota moto kwenye jiko la mkaa ofisini, tunacheka mpaka machozi, wananiambia madam wewe ni noma, kesho utaandika nini. Nikawa nakwenda nyumbani nawaza ya kuandika kesho. Niliandika mapishi ya makande. Niliandika kwamba darasa limehamia mwezini. Na kwenye kikao cha mwezi wa nane mkuu akasimama, koti limefungwa vifungo vyote, akasema walimu waige mfano wangu, kumbukumbu zangu hazina sehemu tupu hata moja. Wenzangu waliziba midomo kwa mikono. Mimi nikainuka nikashukuru. Nilijiona shujaa, nawaambia kweli, nilijiona nimemshinda mtu.

Mwezi wa tisa ukaingia. Siku moja kabla ya mtihani wa taifa nilimpigia simu yule mama wa Iyunga, aliyekwisha kustaafu, nimsimulie nimchekeshe. Nilimsimulia yote, mchanga, kabati, saini, makande, mwezini. Alicheka kidogo, hasa pale pa makande. Halafu akauliza: "Na hiyo mada ya sehemu, mwanangu, uliwafundisha lini?"

Nikaanza kumweleza habari za mstari mwekundu. Akanikatiza.

"Sikiliza. Huyo mtu hasomi. Umejua lini kwamba hasomi?"

"Mwezi uliopita."

"Basi si ungeandika desimali, uweke desimali kichwani pa ubao, chini yake uwafundishe sehemu?"

Simu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili. Wiki tano. Wiki tano nilikuwa na ruhusa yote ya dunia, iliyosainiwa kila asubuhi kwa wino mwekundu, nami nikaitumia kuandika vichekesho. Vipindi vitatu tu vilihitajika. Wazo hilo halikunijia hata siku moja, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nimekasirika na mkuu miaka yote hii, na bado nina haki ya kukasirika, maana ni yeye aliyenizoesha kuandikia kabati. Lakini aliyeendelea kuandikia kabati hata baada ya kujua hakuna anayesoma alikuwa mimi.

Nilikata simu nikaenda darasani. Madawati yalikuwa yameshatenganishwa kwa mtihani, namba zimebandikwa, sakafu imedekiwa. Kiroba hakikuwepo. Nikamuuliza mama anayepika uji, akasema alikikuta kimetolewa nje na watoto wa usafi, na paini inawaka vizuri, asante sana mwalimu.

Mtihani ukafanyika, sisi walimu wa shule tukiwa haturuhusiwi kukanyaga vyumba vya mtihani. Siku ya pili mchana, wakati wasimamizi wanafunga bahasha zao, darasa la saba walitoka wakarusha sweta juu, wakaimba. Binti wa dawati la tatu hakwenda kuimba. Alikuja kwangu pale kwenye kibaraza cha ofisi, sweta amelifunga kiunoni.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Hisabati ilikuwaje?"

"Nzuri. Ila kulikuwa na la sehemu, la kugawanya. Nililirudia rudia sana." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Wengine nao wameniambia hawakulijua, lakini wale nao ni watoro. Mimi nilikuwa nafikiria pale ndani, hii mada madam aliifundisha lini. Nadhani siku ile mimi sikuja shule."

Daftari la mahudhurio la darasa lile nilikuwa nalitunza mimi. Mbele ya jina lake, tangu Januari, hapakuwa na siku hata moja aliyokosa. Mkuu alikuwa ndani ya ofisi, mlango uko wazi, nasikia kalamu yake. Binti alikuwa anasubiri nimjibu.

"Labda," nikamwambia. "Labda siku ile hukuja."

Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akashika njia ya msituni kwa bibi yake.